Masika kwenye Paa la Ravindra

Jumatatu, 12 Machi 1973

Mvua ya kwanza ya masika imenyesha leo jioni. Wenzangu wa ofisi ya mizigo ya reli walibaki barazani wakicheka namna matope ya Gerezani yanavyomeza viatu vya abiria. Mimi nilikuwa nawaza waya.

Waya uko juu ya paa la ghorofa ya Mzee Ravindra, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, nyumba tatu kutoka duka la kaka yangu Melkiori, ambako ninalala chumba cha nyuma. Ghorofa ile ilikuwa ya baba yake. Serikali iliitaifisha, sasa ni ya Msajili wa Majumba, na Mzee Ravindra analipa kodi kama mpangaji mwingine. Chini anatengeneza redio za watu. Juu, katika kibanda cha bati kando ya tangi la maji, ana mtambo wake wa kuzungumza na watu wa mbali. Leseni ya serikali imetundikwa ukutani, ina muhuri. Kazi hii haina mshahara. Ni mapenzi tu, kama mwingine anavyofuga njiwa.

Tangu mwaka jana napanda kule jioni kusikiliza. Mwezi uliopita nilipeleka maombi ya leseni yangu. Mpaka yajibiwe, nina ruhusa ya kusikiliza lakini sina ruhusa ya kusema hata neno moja. Hali hiyo inanifaa zaidi kuliko ninavyopenda kukiri.

Naandika haya kwa sababu kichwa hakitulii. Nikifunga kufuli la chumba, narudi kulivuta.

Jumatano, 14 Machi

Mvua. Maombi hayajajibiwa.

Jumapili, 18 Machi

Baada ya misa nilimkuta Mwalimu Hyasinta kibandani, amevua viatu, anapima waya kwa dhiraa kama muuza kanga. Anafundisha fizikia katika shule ya wasichana, ana leseni yake tangu mwaka juzi, na hana woga wowote niliowahi kuuona.

"Mimi nina mtambo," Mzee Ravindra husema, "Hyasinta ana miguu."

Maana yake ni hii. Zamani Mzee Ravindra alikuwa akipanda milima na mtambo mdogo wa mkobani, akasimamisha mti wa mwanzi kileleni, akafunga waya na kuita. Mtu akiwa juu, sauti ndogo hufika mbali sana. Kwenye ramani yake ukutani amechomeka pini kila kilele alichowahi kuita akajibiwa: cha juu ya Lushoto, cha Meru, cha Hanang. Sasa magoti yamekataa. Pini ya Uluguru haipo, ingawa Morogoro si mbali kwa treni, na Hyasinta amesema ataiweka yeye mwezi wa tano shule zikifungwa. Atatumia betri ya pikipiki. Kariakoo itamjibu.

Nilijifunza leo kwamba kujibiwa kwenyewe kuna adabu yake. Kila mwenye leseni amepewa jina la hewani, herufi na tarakimu, na mazungumzo hayahesabiki mpaka kila upande umetaja lake na kusema unamsikia mwenzake kwa kiasi gani. Asiye na jina hajibiwi. Hata akiita kutwa nzima, hajibiwi.

"Hata akiwa anamjua?" niliuliza.

"Hata akiwa mama yake mzazi," Hyasinta alisema. "Mbona umeshtuka? Wewe Isidori ukiona kivuli chako unakidai kitambulisho."

Mzee Ravindra alicheka mpaka akatoa miwani. Nami nilicheka, ila nyumbani nilifikiri kwamba hakukosea.

Jumanne, 27 Machi

Mzee Fikirini ameniita. Ni fundi cherehani, anashonea barazani mkabala na kwa Ravindra, na ndiye mjumbe wetu wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, karani. Kaa hapo. Suruali hiyo nani kakushonea?"

"Nilinunua, mzee."

"Unaona? Mchaga ana fedha mpaka ananunua suruali mbaya."

Hakuondoa mguu kwenye cherehani. Alishona pindo lote la gauni, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema: "Ule waya wa Mhindi unasema nini?"

"Wanasalimiana tu, mzee. Wanaulizana hali ya hewa, mitambo."

"Na mlimani? Nasikia mtambo unapelekwa mlimani. Mtu mwema ana salamu gani ambayo haisemeki mpaka apande mlima?"

Nilisema sauti inafika mbali.

"Mbali kwa nani?"

Tangu mpaka wa Uganda ulipochafuka mwaka jana, redio inatukumbusha kila siku kuwa macho. Mzee Fikirini ni mtu wa kutii redio. Simlaumu. Ningekuwa mjumbe ningeuliza hayo hayo, na ningeuliza mapema zaidi.

Aliponiruhusu niondoke alisema, "Wewe umesoma. Ukisikia neno baya, utaniambia." Nikasema ndiyo, mzee. Sikulala vizuri.

Jumatatu, 2 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Melkiori ananiambia niachane na nyaya za watu. "Baba hakuuza kahawa ukasome ili ukamatwe juu ya paa."

Jumapili, 8 Aprili

Jaribio la kwanza, vilima vya Pugu. Halikwenda vizuri.

Hyasinta alipanda asubuhi, tukasikilizana naye vizuri, kisha umeme ukakatika Kariakoo. Yeye kule hakujua. Aliendelea kuita. Hakuweza kutambua kama hatumsikii, au mtambo wake umeharibika, au tumeondoka; basi alikaa mvuani mpaka mchana akibadilisha waya upande huu na ule. Jioni alikuja kibandani anatetemeka, midomo ya kijivu.

Ndipo nikatoa wazo. Nililiona wazi kichwani kama ninavyoona makosa kwenye hati za mizigo. Nilisema: tuweke kanuni. Akiwa mlimani aite kuanzia saa mbili. Kama Kariakoo haijamjibu mpaka saa tatu kamili, asisubiri tena, afunge mtambo, ashuke kwa njia ile ile aliyopandia. Kimya chetu kiwe na maana moja tu: shuka.

"Karani amefikiri," Mzee Ravindra alisema, akaiandika kanuni hiyo kwa chaki kwenye ubao wa mlango. Hyasinta, ambaye hupinga kila kitu, alipiga chafya akakubali.

Ni mara ya kwanza woga wangu kupongezwa. Nimetembea mpaka nyumbani bila mwavuli.

Jumatatu, 9 Aprili

Hyasinta hana sauti. Amefundisha kwa chaki na vidole.

Alhamisi, 19 Aprili

Jangwani maji yamepanda barabarani. Hapa Kariakoo wanaendelea kumwaga zege la soko jipya hivyo hivyo, vibarua wamejifunika magunia. Mabehewa ya saruji yanachelewa na kila mtu ananipigia simu mimi kana kwamba ndimi ninayenyesha.

Jumatano, 25 Aprili

Mzee Ravindra amesimamisha mlingoti mpya, mrefu karibu mara mbili ya ule wa zamani, ili asikose sauti ya Uluguru. Nilimuuliza kama amemwarifu mtu yeyote.

"Leseni yangu inaruhusu mlingoti."

"Na mjumbe?"

"Mjumbe ana macho."

Kweli anayo. Nilipopita jioni, Mzee Fikirini alikuwa ameegemeza kiti ukutani, anautazama mlingoti kutoka chini hadi juu, kisha kutoka juu hadi chini, akitafuna kitu ambacho nadhani hakikuwa chakula.

Alhamisi, 3 Mei

Hyasinta ameondoka na treni ya Morogoro. Kesho atapanda Bondwa, kilele cha Uluguru juu ya mji, na mwenyeji mmoja Mluguru, walale kwenye kibanda cha wakata miti karibu na kilele, na Jumamosi saa mbili asubuhi aite. Alipokuwa akipanda behewa nilimkumbusha kanuni. Akaniambia nikiikumbusha tena ataruka dirishani.

Ijumaa, 4 Mei

Nina wasiwasi mkubwa na lazima niandike kwa mpangilio.

Barua imeletwa kwa mkono leo saa tisa. Ofisi inayotoa leseni imepata taarifa za mlingoti. Mzee Ravindra anatakiwa asitume chochote hewani mpaka mkaguzi aje Jumatatu. Kusikiliza hakukatazwa. Ili kuwe na uhakika, maikrofoni ikabidhiwe kwa mjumbe.

Mzee Fikirini alikuja mwenyewe kuichukua. Aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama.

"Kadude kenyewe ndiko haka? Nilidhani kikubwa." Akaenda nayo.

Nilimuuliza Mzee Ravindra: na kesho je? Alikuwa ameketi, mikono juu ya magoti. Alisema kwa utulivu, kesho Hyasinta ataita, hatajibiwa, na saa tatu atashuka. Hakuna madhara. Kanuni yangu itamrudisha salama.

"Ni mlima tu, Isidori. Utakuwepo mwakani."

Kisha akaniambia habari za mdogo wake, aliyeondoka Kampala mwaka jana na sanduku moja, akiwa na duka, gari na watoto wanne. "Hapa hawajanifukuza," alisema. "Hapa ni kwetu. Kwa hiyo barua ikija naitii siku hiyo hiyo. Umenielewa?"

Nimemwelewa. Na naandika ukweli: nilipotoka pale nilikuwa nimefarijika. Kukaa kimya ndiko kazi ninayoiweza.

Mvua haijaacha tangu magharibi.

Jumamosi, 5 Mei

Mkono umechoka lakini nitaandika yote.

Nilifika ofisini saa moja na nusu. Saa mbili na nusu simu ya reli ya Morogoro ikalia. Karani mwenzangu wa kule alitaka tusitarajie mboga za Waluguru leo, maana hakuna aliyeshuka.

"Mlima umeporomoka," alisema. "Juu ya mji, njia ya Bondwa. Watu wawili wamefukiwa alfajiri wakishuka na matenga. Wanawachimba sasa, lakini udongo bado unatembea. Waliokwenda kuchimba wamekimbia mara mbili."

Nilimuuliza kama kuna mtu anaweza kupanda kumzuia mwalimu aliye kileleni.

"Apande wapi, bwana? Ndiyo njia yenyewe imekwenda."

Nilirudisha simu mahali pake. Nilitazama saa ya ukutani. Kule juu, Hyasinta alikuwa tayari anaita. Angeita mpaka saa tatu bila jibu. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kutii adabu za hewani kuliko padri anavyotii misale, angefunga mkoba na kushuka kwa njia ile ile. Kwa sababu nilimwambia mimi. Kimya changu, ambacho jana nilikionea raha, kilikuwa kinamwamuru aende chini ya ule udongo.

Nilitoka bila kuomba ruhusa. Sijawahi kutoka kazini bila ruhusa. Msimamizi aliita jina langu mara moja nikiwa mlangoni, nikaendelea.

Mzee Ravindra alikuwa dukani, kifuniko cha redio ya mtu mkononi. Nilimweleza.  Aliweka kifuniko chini, akakichukua tena, akakiweka.

"Mimi siwezi," alisema. "Nikigusa mimi, Jumatatu mke wangu anafunga mizigo. Isidori, siwezi."

"Sikukuomba, mzee."

Alinigeuzia mgongo, akawasha pasi yake ya kulehemu. Bila kunitazama akasema, "Mlango wa paa sijaufunga. Na mtambo uko kwenye mawimbi yake. Niliacha wazi ili nimsikilize."

Nikavuka mtaa. Mzee Fikirini alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano.

"Shikamoo, mzee. Naomba ile maikrofoni."

"Marahaba. Hata chai hujanywa unataka kuvunja amri ya serikali."

"Mwalimu Hyasinta yuko juu ya mlima Morogoro. Njia imeporomoka. Akishuka atakufa."

"Basi asishuke. Mtu mzima, mwalimu, haoni mvua?"

"Anaona mvua, haoni njia, iko chini ya mawingu. Tusipomjibu mpaka saa tatu atashuka. Tuliweka kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu, mzee."

Alinitazama juu hadi chini. Nilikuwa nimelowa, nadhani nilikuwa nalia, sina hakika.

"Kanuni ya kipumbavu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

Alivuta droo ya cherehani. Maikrofoni ilikuwa katikati ya vifungo na mabaki ya lasi. Hakunipa. Aliiweka mfukoni mwa koti lake, akatoa mwavuli. "Nakwenda nawe. Na utasema Kiswahili. Nikisikia neno moja nisilolifahamu nang'oa waya wote."

Ngazi za kwa Ravindra ni nyingi na Mzee Fikirini alizilaani moja moja. Tulipoingia kibandani sauti ya Hyasinta ilikuwa tayari imejaa mle ndani, ndogo, ina upepo nyuma yake, lakini safi.

"Kariakoo, Kariakoo, hapa Bondwa. Naita mara ya mwisho. Kama mnanisikia, jibuni."

Mzee Fikirini aliganda mlangoni. "Huyo yuko Morogoro?"

"Juu ya mlima, mzee."

"Kama yuko chooni hapo." Akanipa maikrofoni.

Niliichomeka. Nilibonyeza. 

"Mwalimu Hyasinta, usishuke. Usishuke."

Akajibu kwa sauti yake ya darasani: "Kituo kinachoita, jitambulishe kwa jina lako la hewani."

Nilirudia: usishuke, njia imeharibika.

"Kituo kinachoita hakijajitambulisha. Sizungumzi na kituo kisicho na jina. Saa tatu imefika. Nafunga."

Jina la hewani la Mzee Ravindra limebandikwa juu ya mtambo, herufi nyekundu. Lilikuwa mbele ya macho yangu kama ukurasa huu ulivyo sasa. Ningelisoma tu, angenijibu papo hapo. Lakini barua ilimkataza yeye, na yeyote aliyekuwa anasikiliza, Pugu au Nairobi au katika ofisi ile, angeandika kwamba Ravindra ametuma. Hakuna ambaye angeuliza ilikuwa sauti ya nani.

Nikabonyeza.

"Sina jina la hewani. Sina leseni. Naitwa Isidori Severine, wa Kibosho, karani wa ofisi ya mizigo, Gerezani. Nasema kwa hiari yangu. Mwenye mtambo hayupo hapa na hajaniruhusu."

Mzee Fikirini alikuwa anapangusa maji usoni; mkono ukabaki pale pale.

"Isidori?" Sauti haikuwa ya darasani tena. "Umechanganyikiwa? Utafungwa. Zima mtambo."

"Nisikilize kwanza."

"Kanuni ni yako mwenyewe! Saa tatu, nashuka."

"Kanuni yangu ni mbaya. Mlima umeporomoka kwenye njia uliyopandia. Watu wawili wamefukiwa alfajiri. Udongo bado unatembea. Ukifuata kanuni yangu utakufa, Hyasinta. Kaa hapo ulipo."

Nilisikia upepo tu. Nilidhani ameshazima.

"Nimesikia," alisema. "Nakaa."

Nikaketi kwenye debe. Mzee Fikirini aliniinamia.

"Muulize ana chakula."

Nikauliza. Ana ndizi za kuchoma, chumvi, na chai ya mwenyeji wake. Akauliza nani yupo nami.

"Mjumbe."

"Mjumbe yupo hapo? Anasikia yote?" Akacheka, kicheko cha kweli kabisa, kilichotoka kwenye mawingu ya Uluguru. "Isidori, umekwisha."

Ndipo Mzee Fikirini aliponyang'anya maikrofoni. Aliishika mdomoni kabisa, kama anayekunywa.

"Mwalimu! Ni Fikirini, fundi cherehani. Huyo mwenyeji wako ni mtu wa huko? Basi muulize njia ya upande wa pili. Mkae mpaka mvua ikatike, hata kama ni kesho. Na usishuke mbele yake, shuka nyuma yake. Umesikia, mwanangu?"

"Nimesikia, baba."

Alinirudishia maikrofoni. Kisha akaichukua tena, akaichomoa, akairudisha mfukoni. Tulishuka ngazi. Barazani kwake akasimama.

"Karani, unajua mimi lazima niseme nilichokiona."

"Najua, mzee."

"Hata jina la kijiji umetaja. Mimi ningefanya kazi ya mwezi mzima kupata hayo."

Jumapili, 6 Mei

Sikwenda misa. Hakuna habari. Mvua imepungua mchana. Nimesikiliza kutoka kibandani mpaka giza, upepo tu. Betri yake itakuwa imekwisha, ndivyo Mzee Ravindra anavyosema. Anasema kila baada ya robo saa.

Jumatatu, 7 Mei

Hyasinta amepiga simu kutoka stesheni ya Morogoro saa nne asubuhi. Walishuka jana upande wa pili, wakalala kwa watu. Amesema ana njaa na kwamba mtambo umelowa. Nilikwenda nyuma ya bohari nikasimama kidogo kati ya magunia.

Mkaguzi alikuja kibandani saa nane; safari hii niliomba ruhusa kazini. Ni mtu mpole, mwenye kalamu mbili, na upole wake ulinitisha kuliko makelele. Aliuliza nani alituma siku ya Jumamosi. Mzee Ravindra alifungua mdomo, nami nikasema ni mimi kabla hajatoa sauti.

"Jina la mwenye leseni liko mbele ya mtambo," mkaguzi alisema. "Kwa nini hukulitumia? Mwalimu angekujibu mara moja. Ulipoteza muda."

"Si langu."

Aliandika. Mzee Fikirini, ambaye leo alivaa kanzu na kofia ya vito kama anakwenda kuoa, alieleza yote tangu suruali yangu mbaya hadi mwisho. Hakuficha, hakuongeza. Mkaguzi alipofunga kalamu, mzee akakohoa.

"Bado. Na mimi nilisema."

"Ulisema nini, mzee?"

"Hewani. Nilimwambia mwalimu ashuke nyuma ya mwenyeji. Sina leseni pia. Andika."

Mkaguzi alimtazama, akanitazama mimi, akafungua kalamu tena.

Alhamisi, 10 Mei

Hyasinta alikuja dukani kwa Melkiori, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Nilitarajia ashukuru, au angalau asinitanie. Alikaa juu ya gunia la mchele akaniambia nilipiga kelele sana, na kwamba kwa maneno machache tu angeelewa.

"Hukutaka kunijibu!"

"Ulitaka nimjibu kila mtu anayepita hewani?"

Melkiori alikuwa anamhudumia mteja huku masikio yote yako kwetu. Hyasinta akashusha sauti. Akasema jambo moja linamsumbua. Kwa adabu za hewani, mazungumzo na mtu asiye na leseni hayahesabiki. Kwa hiyo Bondwa haikujibiwa. Pini haitachomekwa. Atapanda tena mvua zikiisha.

"Utapita tena pale?"

"Wamechonga njia mpya kando ya ile. Lakini inakatiza poromoko lenyewe, hakuna pa kulikwepa." Alichezea kitambaa cha mguu. "Yule mwenyeji wangu, waliofukiwa ni shemeji zake. Ananiuliza aliyeniita ni nani. Nimemwambia ni mtu mmoja mwoga sana."

Jumatano, 16 Mei

Nimepewa karipio la maandishi kwa kuacha meza. Nimekatwa mshahara wa siku moja. Msimamizi alinipa mkono aliponikabidhi karatasi, sijui kwa nini.

Jumanne, 29 Mei

Majibu yamekuja. Mzee Ravindra anarudishiwa ruhusa, apunguze mlingoti. Mzee Fikirini ameonywa kwa mdomo na anajisifia onyo hilo mtaa mzima. Maombi yangu yamekataliwa. Naweza kuomba tena baada ya miaka miwili.

Nilifikiri nitaumia kidogo. Nimeumia sana. Nimepanda kibandani nikasikiliza sauti za watu wenye majina, nikashuka mapema.

Jumapili, 3 Juni

Hakuna mvua tangu Alhamisi. Asubuhi kuna ubaridi. Hyasinta ameniambia: "Kubeba betri hakuhitaji leseni." Nikasema nitafikiri. Akasema nifikiri nikiwa nakata tiketi.

Jumamosi, 23 Juni

Naandika nikiwa nimeketi juu ya jiwe, juu ya mji wa Morogoro. Tulianza kupanda alfajiri. Betri nimeibeba mgongoni kwa mkanda wa gunia, na asidi yake imetoboa shati.

Tumefika kwenye poromoko. Nilikuwa nimelifikiria kwa wiki nyingi, na sikulifikiria kubwa hivi. Mlima umechunwa kutoka msituni juu hadi mtoni chini, udongo mwekundu, migomba imelala kichwa chini, na katikati yake njia ya zamani inafika ukingoni na kuishia hewani. Upande wa pili unaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Katikati kuna misalaba miwili ya fito.

Hyasinta, ambaye tangu stesheni hajanyamaza, alisimama pale. Alitazama njia ile. Kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Jina la kijiji chenu ulilitaja la nini?"

"Niliogopa hutaniamini."

"Ungesema tu Isidori."

"Niliogopa kuna Isidori wengine."

Alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akapenga kamasi kwa kitambaa kile kilichomfunga mguu mwezi uliopita. Mwenyeji alituonyesha njia mpya, nyembamba, imechongwa kwa jembe kwenye huo huo udongo, na kamba ya katani imefungwa pembeni. Niliuliza kama inashika. Akasema wanapita na matenga kila siku. Niliuliza tena. Hyasinta akasema nikiuliza mara ya tatu ataniacha na misalaba.

Nimevuka. Nilivuka nikitazama visigino vya Hyasinta tu, na kokoto zilipoteleza chini nilisikia zinavyochukua muda kufika. Sasa niko ng'ambo, naandikia gotini, ndiyo maana mwandiko ni huu. Nimeangalia kamba mara kadhaa tangu nifike. Tutarudi kwa njia hii hii.

Ananiita. Kilele bado kiko mbali, kesho saa mbili Mzee Ravindra atakuwa kibandani anasubiri, na betri ninayo mimi.